KOLONOSKOPI: KIPIMO CHA UTUMBO MPANA AMBACHO WAZEE WETU WANAKIKIMBIA

Leo naomba tuongelee kitu ambacho kijiweni huwa kinaishia kwenye kicheko: damu kwenye choo kikubwa, na kipimo kinachoitwa kolonoskopi.

Mie nilianza kulifuatilia suala hili kwa bahati tu. Baba mdogo wangu, yuko Mwanza, alinituma nimtafutie kwenye intaneti "dawa kali ya bawasiri". Kumbe mzee anatoka damu mwaka mzima! Zahanati ya mtaani ilishampa dawa ya amiba mara mbili na ya kichocho mara moja, na hakuna aliyempima hata kinyesi. Siwalaumu sana, maana kule kandokando ya ziwa kichocho cha tumbo kipo na kweli kinaleta damu. Lakini huyu ana miaka 49, amekonda hadi mkanda umeongezewa matundu, na anahema akipanda kilima cha kwenda kwake. Jamani, hiyo unaiitaje bawasiri mwaka mzima bila mtu kuangalia ndani?

Kuangalia ndani ndiyo kazi ya kolonoskopi. Ni mpira mrefu unaopinda, mnene kama kidole, una taa na kamera kwa mbele. Unaingizwa kupitia njia ya haja kubwa (najua, najua, tulieni) na kupanda taratibu utumbo mpana wote, ambao una urefu wa kama mita moja na nusu. Daktari anaangalia kwenye skrini kama wewe unavyoangalia hapo kafe.

Anachotafuta siyo kansa peke yake. Kansa nyingi za utumbo mpana zinaanza kama vinyama vidogo vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo, vingine vina umbo la uyoga. Vingi havina shida, ila baadhi vinakua polepole, mara nyingi miaka kama 10, mpaka vinageuka kansa. Sasa utamu wa kipimo hiki ni kwamba daktari akikiona kinyama anakikata hapo hapo, kwa waya wenye kitanzi unaopita ndani ya mpira ule ule, halafu kinaenda maabara. Madaktari William Wolff na Hiromi Shinya walianza kukata vinyama kwa njia hii New York mwaka 1969, kabla ya hapo ilikuwa mpaka upasuliwe tumbo.

KASHESHE NI MAANDALIZI
Waliopimwa watakwambia kipimo chenyewe si kitu, ngoma iko kwenye kuusafisha utumbo. Siku mbili tatu kabla unaacha maharage, mboga za majani, dona na matunda yenye mbegu. Siku moja kabla ni maji maji tu: chai ya rangi, supu iliyochujwa, maji. Vinywaji vyekundu au vya zambarau, juisi ya rozela kwa mfano, acha kabisa kwa sababu kwenye kamera vinafanana na damu. Jioni unapewa dawa ya kuharisha ya kuchanganya na maji, mara nyingi lita 2 hadi 4, unakunywa glasi baada ya glasi. Usiende popote! Kaa karibu na choo mpaka kinachotoka kiwe maji ya njano kama mkojo. Ukidanganya ukala hata andazi moja, daktari anaona uchafu tu na inabidi urudie, hela nyingine hiyo. Mwenye kisukari, au anayetumia aspirini, dawa za kuzuia damu kuganda au vidonge vya kuongeza damu amwambie daktari mapema, siyo asubuhi ya kipimo.

Siku yenyewe unalala ubavu wa kushoto, magoti umeyakunja, unachomwa dawa ya kukulegeza au usingizi. Inachukua kama nusu saa mpaka saa moja. Wanajaza hewa ili utumbo utanuke, kwa hiyo baadaye utatoa ushuzi bila aibu, hata nesi anausubiri. Unarudi nyumbani siku hiyo hiyo ila uwe na mtu, na usiendeshe hata pikipiki. Utumbo kutoboka au kuvuja damu nyingi hutokea mara chache, lakini ukiona maumivu makali, homa au damu inayozidi, rudi hospitali upesi.

NANI APIMWE?
Marekani mwaka 2021 walishusha umri wa kuanza uchunguzi kutoka 50 hadi 45, hata kama huumwi chochote, kwa sababu kansa hii inawapata watu wa umri mdogo zaidi kuliko zamani. Kolonoskopi ikiwa safi unakaa miaka 10 ndiyo urudie. Wengine wanaanza na kipimo cha kinyesi kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Uingereza wanakituma nyumbani kwa posta kila baada ya miaka 2, na damu ikionekana ndiyo unaitwa kwenye kamera. Kwetu hakuna barua itakayokufuata, unakwenda mwenyewe hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC au Bugando, ukaulizie na bei na bima yako.

Lakini mwenye dalili asisubiri miaka 45. Damu, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kuhisi hujamaliza wakati umemaliza, kukonda, kuishiwa damu bila sababu. Chadwick Boseman, yule wa Black Panther, aliambiwa ana kansa hii mwaka 2016 ikiwa tayari hatua ya tatu, akafariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43.

Na aibu? Mtangazaji wa Marekani Katie Couric alifiwa na mumewe kwa kansa hii mwaka 1998. Machi 2000 akajipima mbele ya kamera za televisheni, nchi nzima ikaona utumbo wake, na watu wakamiminika kupima.

Baba mdogo alikutwa na uvimbe. Amepasuliwa, ana mfuko wa choo tumboni, na dripu za kansa anaendelea nazo. Daktari akatuuliza ndugu zake wa tumbo moja wana umri gani, maana ushauri ni kwamba ndugu waanze kupimwa wakiwa na 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao mgonjwa aligunduliwa, inayotangulia kati ya hizo. Baba yangu ni kaka yake, ana 54.

Wiki tatu alikataa. Eti mwanaume hawezi kuingizwa mpira. Baba mdogo akampigia simu mwenyewe, wakaongea nje gizani, sikusikia walichosema. Kipimo ni Alhamisi. Mama ameshaficha maharage, na mie nimepewa kazi ya kuhesabu glasi.