Ujazaji wa gesi ya jokofu

Ujazaji wa gesi ya jokofu ni kazi ya kurejesha kipoozi, yaani gesi inayochukua joto ndani ya kabati na kulitoa nje, katika mfumo uliofungwa wa kompresa na mabomba. Kwa kuwa mfumo huo hautumii gesi kama gari linavyotumia mafuta, upungufu wake humaanisha kwamba kuna tundu, na fundi anayejaza bila kuliziba anauza nafuu ya muda mfupi tu. Baada ya kuziba, hubadilisha kichujio cha unyevu, hunyonya hewa kwa pampu, kisha hupima gesi kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha jokofu.

Mizani ina umuhimu wa pekee katika Nyanda za Juu Kusini. Mjini Mbeya, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, kanieneo ya hewa ni kama nne ya tano ya ile ya pwani, na kwa sababu geji ya kawaida huanzia sifuri kwenye hewa iliyopo, vipimo vilivyozoeleka Dar es Salaam hupotosha huko, kama vinavyopotosha Iringa.

Majokofu mengi mapya hutumia R-600a, gesi isiyodhuru tabaka la ozoni lakini inayowaka, nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni. Chumba chenye jiko la mkaa la kuota moto hakifai kabisa kwa kazi hiyo.