Vazi Si Hongo
Masomo: 1 Fal 18:41-45, Mk 5:25-34, Kol 3:12-14



Tarehe 16 Julai Kanisa humkumbuka Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Kwa sababu hiyo leo tutafakari juu ya skapulari, yaani vile vitambaa viwili vidogo vya rangi ya kahawia, vilivyounganishwa kwa nyuzi, kimoja kikikaa kifuani na kingine mgongoni. Wengi miongoni mwetu huivaa. Lakini si wote wanaojua ilikotoka, na mtu asiyejua asili ya kitu huweza kukigeuza kikawa kitu kingine kabisa.

Tuanzie Mvumi, kusini-mashariki mwa mji wa Dodoma. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilikata kwanza nyika kavu ya Marenga Mkali, ndipo ikaingia Ugogo. Wasafiri walifika Mvumi wakiwa na kiu, nao wapagazi wakiwa wamechoka. Visima vilikuwa vya wenyeji, nafaka ilikuwa yao, na nchi ilikuwa chini ya watemi wao. Kwa hiyo mgeni alitakiwa kutoa hongo, yaani ushuru wa njia, na hongo hiyo ililipwa hasa kwa nguo: merikani, kaniki, na nguo nyingine za rangi, zikihesabiwa kwa doti. Mwaka 1871, Henry Stanley alipokuwa akimtafuta David Livingstone, alipita Mvumi, kisha Matumbulu, kisha Bihawana. Naye ameandika kwa urefu jinsi alivyobishana na watemi wa Ugogo juu ya idadi ya doti alizodaiwa.

Wakati ule hongo haikuwa neno la aibu. Katika nchi yenye maji machache, ilikuwa haki kwa mwenye kisima kudai kitu kwa msafiri. Leo neno hilohilo limeshuka. Tukisema hongo, tunamaanisha rushwa. Hata hivyo maana zote mbili zina mzizi mmoja: natoa kitu ili nifunguliwe njia. Nguo ikishapokelewa, hakuna anayeuliza kama msafiri ni mwema au mwovu. Amelipa, basi apite.

Kwenye njia hiyo ya misafara Injili nayo ilipita na kukaa. Pale Mvumi wenyewe waliotangulia kujenga ni ndugu zetu Waanglikana, ambao shule na hospitali yao zinajulikana mbali. Kwa upande wetu, Bihawana pakawa mojawapo ya misioni za Kikatoliki. Katika miaka ya 1930 mapadre Wapasionisti kutoka Italia walikabidhiwa kazi ya Dodoma, na mwaka 1935 eneo hilo likawa Prefektura ya Kitume. Mwaka 1953 likawa Jimbo, na Askofu wake wa kwanza, Antonio Pesce, alikuwa Mpasionisti.

Mapadre hao waliwafikia watu wakiwa na vazi lao: kanzu nyeusi, na kifuani alama ya moyo yenye msalaba na maneno yanayotaja Mateso ya Yesu Kristo. Vazi hilo mwanzilishi wao, Mtakatifu Paulo wa Msalaba, alilipokea mwaka 1720 mikononi mwa Askofu wake. Weusi wake ni maombolezo ya Mateso ya Bwana. Lakini kwa Wagogo rangi nyeusi ni rangi ya wingu la mvua, na tangu zamani, nchi ilipokauka, mnyama aliyetafutwa kwa ajili ya maombi ya mvua alikuwa mweusi. Rangi ni moja, maana ni mbili. Hata hivyo anayeomboleza na anayengoja mvua wanafanana kwa jambo moja: kile wanachokitamani hakinunuliwi. Hupokelewa tu kutoka juu.

Sasa tuirudie skapulari. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya bega. Mtakatifu Benedikto, alipoandika Kanuni yake katika karne ya 6, aliagiza katika sura ya 55 kwamba mtawa apewe skapulari kwa ajili ya kazi. Kumbe asili yake ni vazi la kazi! Ni lile walilovaa watawa walipokwenda shambani na karakana, ili kanzu isichafuke.

Wakarmeli, wanaoheshimu skapulari kuliko wote, walianza wakiwa wakaa-pweke juu ya Mlima Karmeli katika Nchi Takatifu, nao walipewa kanuni ya maisha na Alberto, Patriarka wa Yerusalemu, mwanzoni mwa karne ya 13. Huo ndio mlima ambao Eliya aliinama juu yake wakati wa ukame, mpaka mtumishi wake alipoona kiwingu kidogo kikipanda kutoka baharini. Katika kiwingu hicho Wakarmeli wamemwona Maria, aliyetuletea Kristo kama mvua katika nchi kavu. Sisi wa Ugogo, tunaojua maana ya kutazama mbingu mwezi wa Desemba, hatuhitaji kufafanuliwa mfano huo.

Vita viliwafukuza Wakarmeli hadi Ulaya. Mapokeo yao yanasimulia kwamba mwaka 1251, huko Uingereza, Bikira Maria alimtokea mkuu wao, Simoni Stock, akampa skapulari pamoja na ahadi ya ulinzi. Wanahistoria wanatukumbusha kwamba maandishi yanayosimulia tukio hilo ni ya miaka mingi baadaye. Jambo hilo lisitutikise, kwa maana imani yetu haikusimama juu ya tokeo hilo, bali juu ya Kristo. Baadaye walei walipewa vazi hilohilo kwa umbo dogo, ili nao washiriki sala na roho ya watawa. Mwaka 1910 Papa Pius X aliruhusu medali itumike badala ya kitambaa, ikiwa na Moyo Mtakatifu upande mmoja na Bikira Maria upande wa pili.

Basi, ndugu yangu, jiulize: unaivaa kwa maana ipi? Wapo wanaoifunga shingoni mwa mtoto kama hirizi. Wapo wanaoiweka kama hongo ya mlango wa mbinguni: leo nitamdhulumu mjane shamba lake, nitakaa miaka 10 bila kusema na ndugu yangu, lakini siku ya kufa nitakutwa nimevaa, nami nitapita. Mungu si mwenye kisima anayehesabu doti! Kanisa linafundisha kwamba skapulari ni kisakramenti, ishara takatifu inayotuandaa kupokea neema. Haichukui nafasi ya toba wala ya upendo.

Mtazameni yule mwanamke mgonjwa wa Injili. Umati wote ulikuwa ukimsonga Yesu, na bila shaka wengi waliligusa vazi lake. Aliyepona ni mmoja. Naye Bwana hakulisifu vazi. Alisema kwamba imani yake ndiyo iliyomponya.

Na wewe mama uliyemzika mwanao bila skapulari, kisha mtu akakuambia neno la kukutia hofu, ondoa hofu hiyo. Mwanao alivikwa vazi kubwa kuliko yote siku ya Ubatizo, alipomvaa Kristo mwenyewe. Skapulari ni kumbukumbu ya vazi hilo. Haiwezi kuwa kubwa kuliko lile inalolikumbusha. Mwombee, umwachie Mungu mwenye huruma.

Papa Yohane Paulo II, ambaye mwenyewe aliivaa skapulari kwa miaka mingi, aliwaandikia Wakarmeli mwaka 2001 kwamba heshima kwa Maria haiwezi kuishia katika sala za nyakati fulani tu, bali iwe mwenendo wa maisha yote. Neno hili liwafikie pia wanawake wa WAWATA ndani ya sare zao, na wote wenye vazi la chama cha kitume. Mtume Paulo anatuambia tujivike huruma, utu wema, unyenyekevu, upole na uvumilivu, na juu ya hayo yote upendo. Hilo ndilo vazi la kazi. Ukiamka kesho na kuigusa skapulari yako, usiulize itakupitisha wapi. Uliza ni nani anayekungoja leo umsaidie, na ni nani unayepaswa kumwendea kupatana naye.

Tuombe: Ee Mungu, kwa maombezi ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, utuvike Kristo mwanao, uinyeshee nchi yetu mvua na mioyo yetu neema, ambayo hatuwezi kuilipia. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.