Kura haisafiri kama pesa

Binamu yangu alitoka hapa Sugoi akaenda kuishi Minneapolis. Akituma pesa ya karo, simu ya shangazi inalia kabla chai haijapoa. Agosti 2022 aliniuliza: wewe si unaandika programu? Kama pesa inafika hivi, kwa nini kura isifike?

Nikaanza kuchimba historia.

Katiba ya 2010, kifungu cha 82, inataka Wakenya walio nje waandikishwe na wapate haki ya kupiga kura hatua kwa hatua. Hatua zenyewe ni hizi. 2013: Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. 2017: ikaongezwa Afrika Kusini. 2022: nchi 12, Marekani ikiwemo. Walioandikishwa nje walikuwa 10,444 tu, kati ya wapiga kura zaidi ya milioni 22. Walipiga kura ya rais peke yake, tena kwa kufika kituoni wenyewe. Shangazi alitembea hadi Shule ya Msingi ya Kosachei, anakopigia kura William Ruto, akarudi kukamua ng'ombe. Mwanawe angehitaji ndege. Hakupiga.

Kwetu kinachosafiri kwa mtandao ni matokeo, si karatasi ya kura. Kwenye kura ya maoni ya 2010 yalitumwa kwa simu. 2013 mfumo ulikwama, maofisa wakabeba fomu hadi Bomas. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, na upeperushaji wa matokeo ulikuwa mojawapo ya sababu. 2022 fomu 34A ziliwekwa kwenye tovuti. Za Kosachei nilizisoma nikiwa nyumbani.

Marekani walipita njia nyingine. Sheria yao ya 2009 inataka wanajeshi na raia walio nje wapelekewe karatasi tupu siku 45 kabla ya uchaguzi, na anayetaka aipate kwa njia ya elektroniki. Lakini mradi wao wa SERVE, wa kupiga kura yenyewe kwenye intaneti, ulifutwa 2004 baada ya wataalamu wa usalama kuonya.

Nawaelewa. Pesa ikipotea kuna rekodi yenye jina lako, unadai. Kura haitakiwi kuwa na jina. Ikibadilishwa njiani, nani atajua? Nasi wa Uasin Gishu tuliona mwanzoni mwa 2008 jinsi matokeo yasiyoaminika yanavyochoma nyumba.

Maoni yangu basi: karatasi tupu ije kwa mtandao, mtu aichape, aitie alama, airudishe kwa posta. Kuandika programu hiyo si kazi kubwa. Kazi ni kumtambua mwenye kura bila kuijua kura yake, na kuanza mapema ili posta iwahi.

Nilimweleza binamu hayo yote. Akasema, "Kwa hiyo pesa yangu ni raia kuliko mimi."

Wewe uliye ughaibuni, ungeiamini bahasha?