Mazrui, maliwali wa Mombasa

Mazrui ni ukoo wa Kiomani uliotawala Mombasa katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Waliletwa na maimamu wa Yaarubi, watawala wa Omani, kama maliwali. Dola ya Yaarubi ilipoporomoka kwa fitina na uvamizi wa Waajemi, wakajitawala.

Machafuko ya Omani

Mwaka 1737 Imamu Saif bin Sultan wa Pili, akiwa amezidiwa na mahasimu wake, alimwita Nader Shah wa Uajemi amsaidie. Askari wa Nader Shah waligeuka wavamizi. Ahmad bin Said Albusaidi, liwali wa Sohar, alistahimili kuzingirwa mwaka 1743, akawashinda Waajemi na hatimaye akashika uimamu. Nader Shah aliuawa 1747, na himaya yake ikasambaratika.

Muhammad na Ali bin Uthman

Muhammad bin Uthman, liwali tangu 1739 hivi, alikataa kumtii Ahmad. Hoja yake ni kwamba huyo naye alikuwa liwali kama yeye. Ahmad hakutuma manowari. Alituma watu wachache waliojidai kuwa maadui wa imamu, wakapokewa vyema, kisha wakamuua Muhammad ndani ya Fort Jesus, ngome ya Mombasa, kiasi cha mwaka 1746. Nduguye Ali alifungwa, lakini alitoroka akavukia bara. Alirudi na wapiganaji wa Kiswahili na wa Kimijikenda, akaitwaa ngome na kuwaangamiza wauaji. Ali, liwali shujaa, naye aliuawa katika miaka ya 1750 alipoishambulia Unguja.

Miji na bara

Bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, Kisauni, Changamwe na Likoni ndiko kulikokuwa na mashamba ya wenyeji wa kisiwa na njia za kuendea kaya, yaani makazi, za Mijikenda. Wenyeji waligawanyika pande mbili: Tisa Taifa, yaani mataifa tisa, na Thelatha Taifa, yaani mataifa matatu: Wachangamwe, Wakilindini na Watangana. Kila upande ulikuwa na washirika bara. Wadigo na Waduruma, ambao ni Mijikenda, walikuwa na Thelatha Taifa. Liwali alilazimika kuzipatanisha pande hizo na kuwapa wazee wa Mijikenda zawadi za nguo. Ushirika huo ndio uliomwokoa Ali; ulipovunjika baadaye, wazee wa Kilindini walimwalika Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani wa ukoo wa Albusaidi, naye akaitwaa Mombasa mwaka 1837. Wakuu wa Mazrui walikamatwa wakapelekwa Bandar Abbas, Uajemi. Waliosalia walihamia Gazi na Takaungu, miji mingine ya pwani.

Siku hizi

Fort Jesus ni makumbusho, na tangu 2011 ni urithi wa dunia wa UNESCO. Makaburi ya Mazrui yako karibu nayo.