Safu ya Lugha: Mtandao na Intaneti
“Mtandao hakuna,” husemwa hata pale waifai inapoonekana imejaa, na fundi huishia kukagua nyaya zisizo na kosa. Mtandao, neno lililotokana na kitenzi tandaa, ni vifaa vilivyounganishwa, hata viwili tu sebuleni. Intaneti, neno la kukopa, ni ule wa dunia nzima. Tofauti hiyo huonekana kwenye anwani ya IP ya kompyuta. Ikianza na 169.254, kompyuta imejipa yenyewe baada ya kukosa jibu la ruta: hapo mtandao ndio mbovu. Ikianza na 192.168 na kurasa hazifunguki, huenda ruta imegawa lango (njia ya kutokea kwenda intaneti) lisilo sahihi. Mtandao upo, kinachokosekana ni intaneti. Kosa hilo husahihishwa kwenye ruta, si kwenye simu moja moja, kisha vifaa huunganishwa upya.