Ng'ombe amekufa ghafla: tumpasue ao tumwache?

Hapa Masisi, ng'ombe akifa usiku, asubuhi majirani wanafika na visu. Nyama inagawanywa, na mwenye mali anapunguza hasara kidogo. Lakini kabla kisu hakijagusa ngozi, swali ni moja: amekufa na nini?

Jibu linatafutwa kwa uchunguzi wa mzoga. Daktari wa mifugo anaanza kwa kuuliza: alianza kuumwa lini, alikula wapi, wenzake wako namna gani? Halafu anauzunguka mzoga na kuutazama bila kuugusa.

Mzoga usiopasuliwa

Kama mnyama amekufa ghafla, amevimba haraka, mwili haukukakamaa vizuri, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni ao nyuma, anashukiwa kimeta, ule ugonjwa tunaouita charbon. Huyo hapasuliwi. Vijidudu vyake vikikutana na hewa vinajifunga ganda gumu na kukaa mu udongo makumi ya miaka. Hata kupika nyama si kinga ya kutegemea. Daktari anachukua damu kidogo tu, mara nyingi sikioni, ya kupima kwa darubini. Mzoga unachomwa, ao unazikwa shimo la mita 2 pamoja na chokaa.

Si mambo ya mbali. Aprili 2025, viboko wasiopungua 50 walikufa kwa kimeta kwenye mto Ishasha, ndani ya Hifadhi ya Virunga, jimboni mwetu.

Mzoga unaopasuliwa

Dalili hizo zisipokuwepo, daktari anavaa glavu, buti na barakoa, na anafanya kazi mbali na maji na malisho, mapema kabla ya kuoza. Ng'ombe analazwa ubavu wa kushoto. Mapafu yenye povu na tezi zilizovimba zinaonyesha ndigana, ugonjwa wa kupe. Mapafu yaliyoshikamana na mbavu, na maji ya manjano kifuani, ni dalili ya homa ya mapafu. Mirija ya ini iliyonenepa inaficha minyoo bapa.

Vipande vya kwenda maabara vinakatwa vyembamba, visizidi sentimita 1, na kuwekwa mu formalini iliyo mara 10 ya ukubwa wao. Vile vya kutafutiwa bakteria vinawekwa kwenye barafu, hapana formalini.

Mu pori la Walikale

Sheria ni ileile. Sokwe na gorila wanaweza kufa na Ebola kama sisi, na Agosti 2019 ugonjwa huo ulifika Pinga. Mnyama aliyekutwa amekufa porini haokotwi, haliwi.

Kama umekwisha kumgusa

Ukiona kidonda chenye ganda jeusi kisichouma, kimbia kituo cha afya siku hiyohiyo na useme wazi kwamba uligusa mzoga. Kimeta kinatibika kwa antibiotiki kikiwahiwa. Na kwa mzoga mwingine: fukuza mbwa, zuia watoto, ita daktari wa mifugo. Kisu kingoje.