Kimelea Kisichotulia

Sisi wa Ariwara na jirani zetu wa Arua, ng'ambo ya mpaka, malale tunayajua. Mimi ni fundi wa maabara, na nikiweka tone la damu chini ya hadubini humkumbuka Joseph Everett Dutton. Mwaka 1901, huko Gambia, alikitambua kimelea cha malale katika damu ya mtu; mwaka uliofuata akakipa jina. Baadaye alikuja Kongo kuendelea na utafiti, na mwaka 1905 akafia Kasongo kwa homa ya kupe, ugonjwa mwingine aliokuwa akiuchunguza.

Watafiti wa enzi yake walichora kwa mkono walichokiona. Lakini kimelea hiki hakitulii: kinajinyonganyonga, kinasukuma chembe nyekundu huku na huku, na mara nyingi mtikisiko huo ndio unaoonekana kabla ya umbo lenyewe. Mchoro ungeuhifadhi vipi?

Leo simu ikibanwa kwenye lenzi ya hadubini inaurekodi. Ndani ya kompyuta picha ni namba tu: kila nukta ya kijivu ina thamani kati ya 0 na 255. ImageJ, programu ya bure ya Wayne Rasband wa Marekani iliyotoka mwaka 1997, husawazisha mwanga, hutenga nukta zilizokoza, kisha huhesabu. Hesabu hiyo naithamini sana, maana mwingine anaweza kuirudia. Ila kwenye damu iliyotiwa rangi ya Giemsa ili vimelea vionekane, rangi hiyo ikiacha chengachenga, nazo huhesabiwa. Ndiyo maana picha ya asili siigusi kamwe. Nafanyia kazi nakala.